Kamera Juu ya Kamba za Nguo

Mtaani walimwita Nyoosha. Jina halikutokana na urefu, maana alikuwa mfupi wa kadiri, bali na kazi. Alikuwa dobi. Ukimpelekea shati lililokunjamana kama karatasi iliyookotwa jalalani, angelipokea, angeligeuza mara mbili, kisha angesema, "Njoo kesho kutwa. Tutalinyoosha." Wateja wakaanza kumtania, "Nyoosha yupo?" na baada ya miaka michache hata mkewe, aliyekuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari, akajikuta analitumia jina hilo hilo.

Kazi alifundishwa na shangazi yake. Wazazi wa Nyoosha walifariki akiwa na miaka tisa, na shangazi ndiye aliyemchukua, akamlea, akamwonyesha kila kitu anachojua leo: kupima joto la pasi ya mkaa kwa kuikaribisha shavuni, kutoa doa la wino kwa ndimu na chumvi, kuanika shati kwa pindo la chini ili mabega yasiote pembe. Sasa shangazi alikuwa amekula chumvi nyingi, miaka themanini na mitatu, na alikaa nao katika chumba kilichofungua mlango uani. Asubuhi zote aliketi kwenye kiti chake cha plastiki akitazama nguo zikipepea na kumkosoa aliyezianika.

"Pindo hilo, mwanangu. Umelibana upande."

"Nimeliona, Shangazi."

"Umeliona na umeliacha."

Ua wenyewe ulikuwa na kamba sita zilizofungwa kati ya nguzo za chuma. Nyuma kulikuwa na geti dogo la bati lililotokea kwenye njia ya watu, na upande wa kulia ukuta wa matofali uliomfika mtu kifuani. Ng'ambo ya ukuta huo ndiko alikokaa jirani.

Matatizo yalianza na koti la daktari wa meno. Lilikuwa koti jeupe, limefuliwa, limetiwa wanga kidogo kwenye kola, likaanikwa kamba ya tatu. Saa saba mchana Nyoosha alipanda baiskeli kwenda kusambaza nguo kwa wateja, kama desturi yake. Aliporudi alikuta vibanio viwili kambani, koti halipo. Alitafuta chini ya makarai, nyuma ya pipa la maji, hata nje ya geti. Patupu.

Daktari wa meno alilipokea jambo hilo kiungwana, ila uso ulimshuka. Wiki iliyofuata kikapotea kitambaa cha meza cha mkahawa wa stendi. Kisha likapotea pazia moja kati ya mapazia mawili ya mama mmoja mshonaji.

"Afadhali angechukua yote mawili," mshonaji alisema akiwa amelishika lile lililobaki. "Ningejua angalau ni mwizi mwenye dirisha."

Nyoosha alicheka kwa adabu, lakini moyoni alikuwa anaungua. Dobi anaishi kwa kuaminiwa. Watu humpa shuka walizolalia, mashati yenye madoa ambayo wasingependa yaulizwe, nguo za ndani zilizofichwa katikati ya taulo. Wakianza kumtilia shaka, hata awe na pasi kumi, kazi imekwisha.

Njia ya nyuma ilipitwa na watu wengi, na yeyote angeweza kupenyeza mkono getini. Lakini jicho la Nyoosha lilielekea upande wa kulia. Jirani alikuwa mwanamke aliyehamia miezi mitano iliyopita, na katika miezi hiyo yote hakuna aliyemwona vizuri. Mapazia yake yalifungwa mchana kutwa. Mara mbili Nyoosha alimpigia hodi kwa juu ya ukuta, na mara zote mbili sauti kutoka ndani ilijibu, "Asante, sijambo," kisha mlango ukafungwa.

"Mtu asiyetaka kuonekana ana lake jambo," alimwambia mkewe.

"Au hataki kuonekana, basi," Mwalimu alijibu bila kuinua uso kwenye madaftari aliyokuwa anasahihisha.

Walikubaliana wanunue kamera. Jumamosi wakaenda wote wawili kwenye duka la vifaa vya umeme. Muuzaji alikuwa dada mwenye miwani mikubwa na subira nyingi, akazipanga kamera nne juu ya kioo cha meza. Ya kwanza ilikuwa ndogo kama kibiriti. Inaona hatua chache mbele yake na hairekodi sauti. Ya mwisho ilikuwa duara, nyeupe, kubwa kama nusu ya chungwa. Hiyo inageuka huku na huku, inarekodi sauti, na mtu akipita inaiamsha simu yako popote ulipo.

"Hii inaona mpaka wapi?" Nyoosha aliuliza akiishika ile kubwa.

"Ukiiweka juu, inaona kila kitu."

"Basi hiyo."

"Subiri kwanza," Mwalimu akasema. Alikuwa na maswali yake, na aliyauliza moja moja kama mtu anayekagua kazi ya mwanafunzi. Picha zinakaa wapi? Kwenye kadi iliyo ndani ya kamera, au zinaruka kwenda mahali wasipopajua? Neno la siri linabadilishwa vipi? Nani mwingine anaweza kufungua? Na sauti ya nini, kwani nguo zinapiga kelele zikiibiwa?

Muuzaji alicheka. "Mama, maswali yako ndiyo watu wanapaswa kuuliza, na hawaulizi. Kusema kweli, kwa kamba sita na geti, hii ndogo ingewatosha. Muifunge chini chini, iangalie kamba tu."

"Ndogo itaona mkono, haitaona uso," Nyoosha alikata maneno. "Mimi nataka kumjua mtu."

Ikanunuliwa kubwa. Muuzaji akawaandikia kwenye risiti kwamba wanaweza kuibadilisha ndani ya wiki mbili.

Fundi wa umeme alikuja Jumatatu, mzee mwembamba aliyezungumza na bisibisi mdomoni. Aliifunga kamera kwenye pembe ya paa, akashuka, akafungua simu ya Nyoosha na kumwonyesha.

"Kamba zote sita hizi hapa. Geti hili hapa. Ila tazama upande huu, unaona na ua wa jirani, karibu nusu nzima. Naweza kuuziba humu humu kwenye simu, nikaweka kiraka cheusi. Dakika mbili."

Nyoosha aliutazama ule ua: sakafu ya saruji, ndoo, na mabomba mawili ya chuma yaliyosimamishwa sambamba kama reli za ngazi. Akajiuliza mabomba ya nini.

"Acha kwanza," akasema.

"Umeongea naye?"

"Nitaongea naye."

"Wengi husema hivyo," fundi akajibu, akaanza kukusanya vifaa vyake.

Asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu, simu ililia mezani Nyoosha akiwa anapasha pasi. Akaifungua haraka akitegemea kumwona mwizi. Alichokiona kilikuwa ua wa jirani. Mlango ulifunguka, akatoka mwanamke wa makamo, mabega mapana, kichwa kimefungwa kitambaa, akiegemea gongo moja. Mguu wake wa kulia ulikuwa wa bandia, kuanzia juu ya goti. Alifika kwenye yale mabomba, akayashika kwa mikono miwili, akaliacha gongo.

"Haya mzee," sauti yake ikasikika wazi kwenye simu. "Gia ya kwanza. Usiniangushe."

Aliuambia mguu. Hatua moja. Ya pili. Kwenye ya tatu goti la bandia lilikunjika likamwangusha pembeni, naye akabaki chini, akihema, huku mkono mmoja bado umeshika bomba.

Nyoosha alitaka kukimbia akamsaidie. Akasimama, kisha akakumbuka kwamba hakupaswa kujua. Akakaa tena. Mwanamke akajivuta, akainuka, akaanza upya.

Angeweza kuizima simu. Badala yake kesho yake aliifungua kabla haijalia, na keshokutwa vilevile. Alijiambia anamwombea heri, na kweli alikuwa anamwombea. Akifika hatua ya saba Nyoosha alibana pumzi. Akianguka, alisema "pole" peke yake jikoni. Siku moja alisahau pasi juu ya shati la mteja hadi moshi ulipompanda puani. Alikuwa amejua mambo mengi kumhusu jirani yake: kwamba aliwahi kuendesha malori, kwa jinsi alivyotaja gia na breki na mizigo, kwamba alipokasirika aliimba, kwamba hakupenda kutazamwa, kwani kila asubuhi, kabla ya kuanza, alitupa jicho pande zote nne. Juu hakuwahi kutazama.

Ijumaa alianguka vibaya zaidi. Akiwa bado ameketi chini, simu yake ikaita mfukoni. Akafuta uso kwa kiganja kabla ya kupokea, kana kwamba anayepiga angeuona.

"Mdogo wangu! Mimi mzima kabisa. Natembea vizuri, nakwambia, utashangaa ukija." Akacheka kicheko kizuri, cha mtu aliyestarehe. Alipokata simu aliinamisha kichwa, akabaki hivyo muda mrefu.

Nyoosha aliigeuza simu kifudifudi mezani. Maneno yale hayakuwa yake kuyasikia. Aliyaona masikio yake yamejaa kitu alichokiiba.

Jumatatu saa saba na robo mchana alikuwa mlangoni pa mkahawa wa stendi, amebeba furushi la aproni, simu ilipolia tena. Safari hii ilikuwa kwenye kamba zake. Akaweka furushi chini akafungua.

Shangazi alitoka chumbani mwake polepole. Alisimama chini ya kamba ya nne, akainua uso kulitazama anga, akatikisa kichwa kama asiyependezwa. Kisha akabandua vibanio viwili, akavishika kwa midomo kama wafanyavyo madobi, akaishusha foronya, akainusa, akaikunja kifuani mara moja, mara mbili, mara tatu, akarudi nayo ndani.

Nyoosha aliendesha baiskeli kurudi nyumbani bila kujua amepita njia gani. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kiti chake, hana hili wala lile. Chini ya godoro lake, Nyoosha alikuta koti la daktari wa meno, kitambaa cha meza, pazia la mshonaji na foronya nne, tatu kati ya hizo zikiwa hazijaulizwa na mtu. Zote zilikuwa zimekunjwa kwa pembe zilizokutana sawasawa. Yeye mwenyewe, baada ya miaka arobaini, hakuwa na mkunjo kama ule.

"Shangazi," akasema, akiwa na koti mikononi. "Hizi nguo..."

"Mvua inakuja," shangazi akajibu kwa ukali. "Na wewe unaondoka unaacha nguo za watu nje. Mimi nimekufundisha hivyo?"

Anga lilikuwa jeupe kwa jua, hata wingu la dawa halikuwepo. Nyoosha alikaa kitandani. Alikumbuka chai ambayo shangazi aliitia chumvi mwezi uliopita, wakacheka wote. Alikumbuka jinsi shangazi alivyomwita kwa jina la marehemu kaka yake, baba yake Nyoosha, mara mbili, naye akaitika kwa sababu ilimpendeza kuitwa hivyo.

"Hapana, Shangazi," akasema. "Hukunifundisha hivyo."

"Basi."

Mwalimu aliporudi kutoka shule alisikiliza yote. Machozi yalimtoka kidogo, kisha akaanza kucheka, na Nyoosha naye akaambukizwa, wakacheka mpaka shangazi akauliza kutoka chumbani mwake nani ameanguka. Wakapanga kumpeleka zahanati. Wakapanga pia lisimfikie mteja yeyote: nguo zitarudishwa kwa wenyewe na Nyoosha atasema ni kosa lililotokea nyumbani kwake, limerekebishwa, samahani sana. Ndivyo alivyofanya, na hakuna aliyedai zaidi. Mshonaji aliuliza tu pazia lilikokuwa, Nyoosha akamjibu, "Lilikuwa limepumzika," na mama yule, aliyejua watu, hakuendelea.

Lakini jioni ile ile Mwalimu alikuwa na swali lingine.

"Na yule dada wa upande wa pili? Fundi aliniambia kamera inaona mpaka kwake."

Nyoosha alianza kukunja taulo lililokuwa limeshakunjwa.

"Anajua?"

"Hajui."

"Umemwona akifanya nini?"

"Anajifunza kutembea," akasema, na aibu ikampanda kutoka shingoni. Akaeleza yote, pamoja na ile simu ya mdogo wake. Mwalimu hakugomba. Angegomba, ingekuwa nafuu.

"Nyoosha," akasema. "Wewe hata mfuko wa suruali ya mteja huwa hupekui. Ukiwa na kitu, suruali unaiweka pembeni. Sasa huyu umempekua siku ngapi?"

Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, Nyoosha alivaa shati safi, akazunguka kwa mlango wa mbele wa jirani, akabisha hodi. Alisubiri. Gongo likasikika sakafuni likija taratibu, mlango ukafunguka nusu.

"Mimi ni dobi wa hapo kando," akasema.

"Nakujua. Nasikia pasi yako ikigonga meza."

"Dada, nina jambo la kukwambia, na ukishalisikia una haki ya kunifukuza." Akameza mate. "Nilifunga kamera juu ya paa kwa ajili ya wizi. Inaona mpaka uani kwako. Fundi alitaka kuziba, nikamzuia. Nimekuona asubuhi, siku nne."

Mkono wa mwanamke uliokuwa kwenye mlango ulikaza hadi vifundo vikabadilika rangi.

"Umeniona nikianguka?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

Alitaka kupunguza. Akapiga moyo konde. "Mara sita."

"Saba," jirani akasema. "Ya saba labda ulikuwa unapiga mswaki." Sauti yake haikuwa na mzaha. "Na sauti je? Inasikia?"

"Inasikia."

"Nilichomwambia mdogo wangu?"

Nyoosha aliinamisha kichwa.

"Miaka kumi na tisa nimeendesha lori," jirani akasema, polepole. "Wanaume tupu barabarani. Wananiangalia nikirudi nyuma, nikigeuza trela, wanangoja nikosee wacheke. Nilizoea. Nikapata ajali, nikakatwa mguu, nikaenda nyumbani kwetu. Huko nako kila mtu ananiangalia. Nikisimama wanaangalia. Nikikaa wanaangalia. Nikatafuta nyumba yenye ua na ukuta, mahali nisipojulikana, ili nianguke peke yangu. Ndicho kitu pekee nilichotaka. Kuanguka bila mtazamaji."

"Nimekukosea."

"Umenikosea. Na kwa nini hasa? Ulidhani mwizi ni mimi?"

"Nilidhani hivyo," akasema Nyoosha. Aliona heri amalize yote kwa pamoja.

Jirani akamkazia macho. Kisha, taratibu, pembe ya mdomo wake ikacheza. "Niruke ukuta nikaibe pazia. Kwa mguu upi, bwana?"

Nyoosha hakujua kama anaruhusiwa kucheka, akabaki ameshika kifungo cha shati lake. Jirani akaufungua mlango wote na kumwamuru aingie aketi. Akamtaka aitoe simu na afute picha zote mbele yake, siku baada ya siku, kisha amwonyeshe kwamba zimekwisha. Akafuta. Kadi iliyo ndani ya kamera vilevile, jirani akasema. Akaahidi kuileta, na ndani ya nusu saa alikuwa ameileta, jirani akaivunja kwa koleo na kuitupa kwenye ndoo ya taka.

"Mwizi ulimpata?" akauliza baada ya hapo.

Nyoosha alisita. Hiyo haikuwa siri yake peke yake. "Hapakuwa na mwizi," akasema. "Ni mambo ya nyumbani."

"Ni bibi," jirani akasema kwa upole. "Anashusha nguo mchana ukiondoka. Nimemwona nikianua zangu, ukuta wenyewe mfupi. Anazikunja vizuri mno, nikadhani ni zamu yake ya kazi. Sikusema kwa sababu halikunihusu."

Nyoosha alitembea kurudi kwake akiwa mwepesi kidogo na mwenye haya zaidi. Mwenzake alikuwa ameona na akanyamaza. Yeye alikuwa ameona na akaendelea kutazama.

Siku chache baadaye walirudi dukani. Yule dada wa miwani aliitazama kamera kubwa ndani ya boksi lake, akamtazama Mwalimu, akatoa ile ndogo bila kuuliza. Fundi wa umeme naye aliitwa tena. Waliifunga kwenye nguzo ya kamba ya kwanza, usawa wa kiuno, ikiangalia geti na nguo. Mlango wa chumba cha shangazi waliuacha nje ya picha. Hilo Nyoosha alilisema mwenyewe kabla hajaulizwa.

"Sasa tumwite jirani athibitishe," fundi akasema.

Basi jirani akasimama upande wake wa ukuta, akiwa na gongo lake, na Nyoosha akasimama upande wa pili akitazama simu.

"Unaniona?" jirani akauliza kwa sauti.

"Sikuoni!"

Akasogea mpaka ukutani, akainua gongo hewani. "Na sasa?"

"Naona ncha ya gongo!"

"Shusheni!"

Fundi akaishusha kidogo, jirani akauliza tena: "Na sasa?"

"Bado. Naona kidole."

"Kidole gani?"

"Kidole... cha matusi, dada."

Jirani akaangua kicheko hadi ikabidi aegemee ukuta. Shangazi, kwenye kiti chake, akauliza kwa nini yule mwanamke anapungia nguo. Fundi akageuza kamera upana wa kidole, wakajaribu tena. Gongo, mkono, kofia iliyorushwa juu. Nyoosha hakuona chochote ila shuka mbili na geti la bati. Akampa jirani simu juu ya ukuta aangalie mwenyewe. Aliangalia kwa makini, kama dereva anayekagua vioo kabla ya safari, kisha akairudisha.

"Sawa," akasema. "Na siku ukitaka kuihamisha, unabisha hodi kwanza."

"Kwa mlango wa mbele."

"Kwa mlango wa mbele."

Kule zahanati muuguzi aliwaambia kwamba kumbukumbu za shangazi zinafifia na zitaendelea kufifia, lakini mikono husahau kwa kuchelewa. Wampe kazi ambayo mikono inaijua. Nyoosha akamwekea meza ndogo karibu na kiti chake. Kila saa saba kabla ya kutoka alianua nguo zilizokauka, akamwekea mezani, akasema, "Shangazi, mvua inakuja," na shangazi akajibu, "Nimekuwa nikikwambia," akaanza kukunja. Wateja wakaona tofauti. Daktari wa meno aliuliza ni nani anayekunja makoti siku hizi, maana alikuwa anaona vibaya kuyakunjua. Kwa mara ya kwanza Nyoosha alimtaja shangazi kwa jina la kazi: "Ni mwalimu wangu."

Miezi mitatu ilipita. Jirani sasa alianua nguo zake bila kutazama pande nne, na siku nyingine alileta kiti chake karibu na ukuta, akazungumza na shangazi kuhusu barabara na mizigo. Shangazi alisahau kila wiki kwamba jirani alikuwa dereva, na kila wiki alishangaa upya, "Mwanamke? Lori zima?" Jirani alimweleza tangu mwanzo, kwa raha ile ile. Mdogo wake alikuja kumtembelea, akakaa siku tano, akaondoka akiwa ameona alichoahidiwa, au karibu nacho.

Kisha jirani akapata kazi ya kufundisha katika shule ya udereva, darasani asubuhi na uwanjani mchana. Jioni moja, jua bado lipo, alimwita Nyoosha ukutani.

"Nataka kengele ya mlango yenye kamera," akasema. "Mtu akibisha, mimi nachukua muda kufika. Wengine wanaondoka kabla sijafungua. Nataka nimwone na nimwambie asubiri."

"Vizuri sana. Nikupeleke kwa yule dada wa miwani?"

"Nipeleke. Ila nakuuliza kabla, maana mlango wangu unaelekea kwenye njia ya wateja wako. Watu wanapita na mafurushi yao. Wewe unaonaje?"

Nyoosha aliwaza kidogo. Alikumbuka kwamba kuna wateja wawili waliopenda kuleta nguo zao bila kuonekana, kwa sababu zao wenyewe.

"Iangalie kizingiti," akasema. "Njia tuiache."

"Hivyo hivyo nilifikiri."

Wakaenda Jumamosi, wote watatu, Mwalimu akiwa na maswali yake kwenye karatasi na jirani akiwa na mengine aliyoyatunga njiani. Dada wa miwani alipowaona wanaingia alivuta kiti kwa ajili ya jirani, akajitengenezea nafasi kwenye kioo cha meza, akasema, "Leo nimekoma." Walikaa pale karibu saa nzima. Nyoosha hakuwa na la kuchangia, akasimama mlangoni akitazama barabara, akisikiliza nyuma yake wanawake watatu wakibishana kwa furaha kuhusu upana wa kizingiti kimoja.